Bei ya Mbio: Kwa Nini Winga Hakudumu Kwenye Jezi ya Taifa

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na winga aitwaye Edward Rombo. Alitokea Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akavaa jezi ya taifa, kisha karibu na mwanzo wa miaka ya 1990 akaenda kaskazini mwa Uingereza kucheza raga ya kulipwa, ile ya wachezaji 13 kila upande. Alianzia Leeds, baadaye akachezea Dewsbury. Ukimpima kwa muda alioitumikia timu ya taifa ya wachezaji 15, utaona kipindi kifupi, na wapenzi wa michezo kwetu wana tabia ya kuusoma ufupi kama hukumu: angekuwa mkali kweli, wanasema, angedumu. Mimi nashikilia kinyume chake. Ufupi wa maisha ya kimataifa ya winga kama Rombo haukutoka miguuni mwake. Ulitokana na sheria iliyotungwa Uingereza karne moja kabla yake, ukakazwa na kalenda tupu ya mechi za Afrika, na ukamaliziwa na ukosefu wa mshahara nyumbani. Wala jambo hili si la wanahistoria peke yao. Kijana anayejifunza raga leo huko Shanzu, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, bado anapimwa kwa kipimo hicho hicho kibovu, na kipimo kibovu huzaa maamuzi mabovu.

Tuanze na nafasi yenyewe uwanjani. Winga huvaa jezi namba 11 au 14 na husimama karibu na mstari wa pembeni, mbali na msongamano wa skramu. Kazi yake ni kumaliza: mpira ukipitishwa mkono kwa mkono hadi kumfikia, yeye ndiye anayetakiwa kumpita beki wa mwisho na kuuweka chini ng'ambo ya mstari ili timu ipate trai. Kwa hiyo mtaji wake mkubwa ni mbio, pamoja na jicho la kuona upenyo na ujasiri wa kuuingia. Mtaji huo hauhitaji kufundishwa upya mtu akihama kutoka raga ya wachezaji 15 kwenda ile ya 13. Fowadi aliyeutumia ujana wake kujifunza kusukuma skramu na kurukia mipira inayorushwa kutoka nje ya mstari hukuta nusu ya ujuzi wake hauna soko upande wa pili, kwa sababu katika raga ya 13 mipira hiyo ya kurukia haipo na skramu haina uzito ule. Winga hukuta mazingira yale yale, na nafasi ya kukimbilia ni kubwa zaidi kwa kuwa wachezaji uwanjani ni wachache. Ndiyo maana mawakala wa klabu za kulipwa walipovuka mpaka kutafuta vipaji, macho yao yalitua kwa mawinga mapema. Martin Offiah, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Nigeria, alitoka klabu ya Rosslyn Park mwaka 1987 akaenda Widnes, na mwaka 1992 Wigan wakamnunua kwa pauni 440,000, bei iliyovunja rekodi ya wakati huo. Hakuwahi kuichezea England hata mechi moja ya raga ya wachezaji 15. Je, tuseme hakuwa na uwezo?

Mpaka huo waliouvuka una tarehe ya kuzaliwa. Mnamo tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitenga na chama kikuu cha raga. Ugomvi ulihusu shilingi 6. Wachezaji wa miji ile walikuwa wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa viwanda vya nguo na makuli wa bandarini, na mechi ya Jumamosi iliwakosesha ujira. Klabu zao zilitaka kuwafidia siku ya kazi iliyopotea kwa kiasi kisichozidi shilingi 6. Wakuu wa chama, wengi wao watu waliosoma shule za gharama na wasiotegemea ujira wa siku, walikataa kwa hoja kwamba raga ni mchezo wa ridhaa na fedha zitauchafua. Klabu 22 zikaanzisha chama chao, zikaja kubadili kanuni, na mwaka 1906 zikapunguza wachezaji hadi 13. Upande uliobaki ulijibu kwa adhabu kali: aliyecheza raga ya kulipwa, hata mechi chache, alifungiwa maisha asirudi kwenye raga ya wachezaji 15, iwe ya klabu au ya taifa. Katika orodha ya klabu zile 22 zilizoanzisha mgawanyiko utaikuta Leeds, utaikuta Widnes, na utazikuta St Helens na Oldham, ambazo zitatajwa tena katika habari hii. Kwa hiyo Rombo alipoichukua kazi ya Leeds, aliingia katika ugomvi uliowahusu wachimba makaa wa enzi za Malkia Victoria, na adhabu ya ugomvi huo ikamsubiri yeye, mtoto wa Afrika Mashariki huru.

Ili kuona jinsi sheria hii ilivyofanya kazi, tuutazame mwaka 1955. Mwaka huo timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, maarufu kama Lions, ilizuru Afrika Kusini, na mfululizo wa mechi nne za taifa ukaisha kwa sare ya mbili kwa mbili. Pande zote mbili zilikuwa na winga wa kutisha. Wageni walikuwa na Tony O'Reilly wa Ireland, kijana wa miaka 19. Wenyeji walikuwa na Tom van Vollenhoven, askari polisi, ambaye katika mechi ya pili mjini Cape Town alifunga trai tatu peke yake. Baada ya hapo njia zao zikaachana. O'Reilly alisomea sheria, akaingia katika biashara, akapanda hadi kuiongoza kampuni ya vyakula ya Heinz, na akaichezea Ireland mechi 29 kuanzia 1955 hadi 1970. Van Vollenhoven aliichezea Afrika Kusini mechi saba tu, akasaini St Helens mwaka 1957, na mlango wa taifa ukafungwa nyuma yake. Huko St Helens alifunga trai 392 katika mechi 409. Atakayesema kwamba mechi saba dhidi ya 29 zinaonyesha nani alikuwa winga bora atakuwa amekosea vibaya. Zinaonyesha nani aliweza kumudu kucheza bila malipo. Mwanasheria na mfanyabiashara aliweza kubaki katika mchezo wa ridhaa kwa miaka 15 kwa sababu chakula chake kilitoka kwingine, ilhali polisi wa mshahara mdogo alipoletewa mkataba alikuwa na kila sababu ya kuutia sahihi. Na tukumbuke kwamba van Vollenhoven alikuwa mzungu wa taifa lenye fedha na uzoefu mkubwa wa raga. Kama sheria ilimmeza yeye, ingemwachaje Mkenya?

Msafara huo wa 1955 haukurudi Uingereza moja kwa moja. Ulipita Nairobi, na tarehe 28 Septemba ukacheza na timu ya Afrika Mashariki katika uwanja mpya wa barabara ya Ngong, ukashinda kwa 39–12. Mwaka 1962 Lions walipita tena na kushinda 50–0. Katika timu zile za wenyeji hapakuwa na Mwafrika. Raga ililetwa na maafisa wa serikali ya kikoloni na walowezi, ambao mechi yao ya kwanza iliyoandikwa ni ya 1909, na pwani mchezo ulitegemea watu wa bandari na mabaharia. Kombe la zamani kuliko yote nchini, Enterprise Cup, lilitolewa na mabaharia wa manowari ya HMS Enterprise. Klabu zilikuwa za wazungu kwa kanuni na kwa desturi. Ni baada ya uhuru, shule zilipofunguliwa kwa watoto wa rangi zote, ndipo Waafrika walipoanza kuingia, na mwaka 1977 pekee uliona mambo mawili makubwa: kuanzishwa kwa klabu ya Mwamba na wachezaji Waafrika, na kuzaliwa kwa Mean Machine iliyonyakua Kombe la Kenya katika msimu wake wa kwanza. Rombo ni tunda la wimbi hilo. Kizazi chake kilipata takriban miaka 10 tu ya uwanja huru kabla ya kuanza kuhesabiwa nani kadumu na nani hakudumu.

Hapa inafaa tuangalie pia jinsi kumbukumbu za raga zilivyotunzwa, kwa sababu anayehukumu kwa idadi ya mechi anategemea daftari. Habari iliyoenea zaidi kuhusu mechi ya 1955, inayosimuliwa hadi leo kwenye vilabu vya Uingereza, ni kwamba Idi Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki siku ile. Amin kweli alicheza raga, katika klabu ya Nile ya Jinja, akiwa askari wa King's African Rifles. Lakini siku zile raga ya kimataifa haikuruhusu mchezaji kubadilishwa. Kanuni hiyo ilikuja mwaka 1968. Mtu hawezi kuwa akiba katika mchezo usio na akiba. Basi tuna mtu anayesifika duniani kwa mechi ambayo hakucheza, na tuna mawinga Waafrika waliokimbia kwelikweli katika miaka ya 1970 na 1980 ambao hata vijana wa raga wa leo hawawajui kwa majina. Zaidi ya hayo, mechi dhidi ya Lions hazikuhesabiwa kuwa mechi rasmi za taifa, na michezo mingi ya Kenya dhidi ya majirani na timu za ziara ilikuwa na hadhi ya mashaka katika vitabu vya wakubwa wa mchezo. Daftari lenye tabia hiyo laweza kutusaidia kujua baadhi ya matokeo. Haliwezi kuwa hakimu wa kipaji.

Sasa tuipime kalenda ambayo Rombo angekuwa nayo kama angebaki. Kombe la Dunia la kwanza lilifanyika mwaka 1987 kwa mataifa 16 yaliyoalikwa, bila michuano ya kufuzu. Afrika Kusini ilikuwa imetengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na mwaliko pekee wa bara zima ulikwenda Zimbabwe. Mwaka 1991 Zimbabwe ikaenda tena. Kenya ilianza kushiriki michuano ya kufuzu katika safari ya kuelekea fainali za 1995. Mwaka 1993 Nairobi ilipokea Zimbabwe, Zambia na timu ya Ghuba ya Arabuni, na Zimbabwe ndiyo iliyosonga mbele. Maana yake ni kwamba katika miaka ambayo mbio za Rombo zilikuwa kali zaidi, timu ya Kenya haikuwa hata na njia ya kwenda Kombe la Dunia, achilia mbali kulikosa. Njia ilipofunguliwa, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta. Kisha tarehe 26 Agosti 1995, mjini Paris, Bodi ya Kimataifa ya Raga ikatangaza kwamba mchezo si wa ridhaa tena. Adhabu iliyowafungia watu maisha ikayeyuka siku tatu kabla ya kutimiza miaka 100 tangu mkutano wa Huddersfield. Jonathan Davies, nyota wa Wales aliyehamia Widnes mwaka 1989, alirudi kwenye raga ya wachezaji 15 kwa kujiunga na Cardiff mwaka 1995, na akaichezea tena nchi yake. Wako walioukuta mlango wazi wakiwa bado na nguvu. Kwa winga, ambaye kila mwaka unaopita unamla kasi, subira ya miaka mitano ni hasara isiyolipika.

Pingamizi la kwanza ni rahisi na lina uzito wake: hakuna aliyemlazimisha. Rombo aliijua sheria, akapima, akachagua fedha. Basi asilaumiwe mtu mwingine. Nakubali kwamba alichagua, na sioni aibu yoyote katika uchaguzi huo. Lakini uchaguzi huhukumiwa pamoja na vitu vilivyowekwa mezani. Upande mmoja palikuwa na ajira ya kulipwa katika moja ya klabu zenye jina kubwa duniani. Upande mwingine palikuwa na jezi ya taifa isiyo na mshahara, mechi chache kwa mwaka, na hakuna Kombe la Dunia. Wanaoisifu raga ya ridhaa kama mchezo safi wamkumbuke Max Brito, winga wa Ivory Coast. Tarehe 3 Juni 1995, mjini Rustenburg, katika mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Tonga, aliangukiwa na wachezaji kadhaa, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Ilikuwa miezi isiyotimia mitatu kabla ya tangazo la Paris. Kombe lile lilitazamwa na dunia na lilikuwa na wadhamini, na mchezo ulikwisha kuwa biashara kwa kila mtu isipokuwa mwenye kuuweka mwili wake rehani. Mfumo uliomtaka kijana ajitoe bila malipo, kisha ukamfungia maisha kwa kutafuta malipo kwingine, hauna haki ya kumwita msaliti.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Ikiwa sheria ndiyo iliyokuwa tatizo, mbona baada ya 1995 mambo hayakubadilika? Lucas Onyango, winga mwingine wa Kenya, alikwenda kaskazini mwa Uingereza katika miaka ya 2000, wakati hapakuwa na kifungo tena. Alicheza raga ya wachezaji 13 Widnes, kisha Oldham kwa misimu kadhaa, na kuichezea kwake Kenya pia hakukuwa kwa muda mrefu. Sheria imeondoka, ufupi umebaki. Hoja hii ingeuangusha msimamo wangu kama ningedai kwamba sheria ndiyo sababu pekee. Ninachodai ni kwamba mlango ulikuwa na makomeo mawili, na Paris ililifungua moja. Komeo la pili ni fedha na kalenda. Klabu za raga ya wachezaji 15 zinabanwa na kanuni ya kimataifa kuwaachia wachezaji waende timu zao za taifa katika vipindi vilivyopangwa. Klabu ya raga ya 13 haina wajibu huo kwa taifa la raga ya 15. Mchezaji wa kulipwa wa Oldham hawezi kuacha mechi ya klabu yake, asafiri hadi Nairobi kwa mazoezi yasiyo na posho ya uhakika, acheze mechi mbili na kurudi akiwa hana namba. Kwa hiyo Onyango hapingi hoja ya Rombo, anaikamilisha. Wa kwanza alizuiwa na kanuni, wa pili akazuiwa na hesabu za mkate wa kila siku.

Ushahidi wa upande wa pili tunao, na ni wa Kenya hiyo hiyo. Collins Injera alianza kuichezea timu ya taifa ya wachezaji saba kila upande katika mashindano ya Dubai mwaka 2006. Msimu wa 2008–09 aliongoza dunia nzima kwa trai 42. Aprili 2016 alikuwa katika kikosi cha kocha Benjamin Ayimba kilichoifunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore, na mwezi uliofuata, jijini London, akaivunja rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina ya trai 230. Alifika 279 kabla ya kustaafu, na ijapokuwa Dan Norton wa England alimpita, jina lake limebaki miongoni mwa vinara wa mchezo huo. Ni winga kutoka nchi ile ile, na shirikisho lake halijawahi kuwa tajiri. Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba alikuta msururu wa mashindano ya dunia unaorudi kila mwaka, timu yenye nafasi ya kudumu humo, na mikataba iliyomwezesha kuishi kwa raga, hata kama malipo yalichelewa mara nyingine na kuzua mivutano. Mpe winga wa Kenya kalenda na mshahara, naye atadumu zaidi ya miaka 10.

Wapo watakaosema mchezo wa saba si sawa na wa 15, na kwamba mbio za winga huisha mapema hata akilishwa asali. La kwanza ni kweli, lakini halinigusi: simlinganishi Injera na Rombo kwa ubora, nalinganisha mifumo miwili iliyowabeba. Mfumo wa wachezaji 15 wa Kenya hadi leo ni wa kusuasua. Mwaka 2014 mjini Antananarivo timu iliishinda Namibia 29–22 na kulikaribia Kombe la Dunia, kisha ikapoteza mechi ya mwisho dhidi ya Zimbabwe na nafasi ikaenda kwa Namibia. Mwaka 2018 mjini Marseille ilipoteza mechi zote tatu za kuwania nafasi ya mwisho ya kufuzu. Haijafuzu hata mara moja. La pili, la umri, linajibiwa na David Campese wa Australia, winga aliyeicheza raga ya kimataifa kuanzia 1982 hadi 1996, akafikisha mechi 101. Mbio hupungua, lakini akili ya kusoma uwanja huongezeka, na winga anayetunzwa hujifunza kuitumia moja kufidia nyingine. Anayeachwa ajitunze mwenyewe hapati muda wa kujifunza hayo.

Turudi pwani. Shanzu ni sehemu ya Kisauni, kati ya Bamburi na daraja la Mtwapa, yenye hoteli za ufukweni, chuo cha ualimu na, jirani yake, shule ya Shimo la Tewa ambayo ni miongoni mwa shule za Pwani zinazocheza raga. Kijana mwenye mbio huko anaweza kuanzia shuleni na kufika uwanja wa Mombasa Sports Club, ambako huchezwa mashindano ya Driftwood Sevens kila msimu. Baada ya hapo ngazi inakatika. Ngome za ligi kuu zimekuwa Nairobi, Nakuru na Kakamega, na kambi ya taifa iko karibu kilomita 500 kutoka nyumbani kwao. Akiondoka, anahitaji kazi au karo mahali pageni, akibaki, haonekani. Watu wa Shanzu wanaelewa vyema jambo ambalo wapenzi wengi wa raga hawajalielewa, kwa sababu hoteli zimewafundisha: mpishi akisimamishwa kazi msimu wa watalii ukiisha, hakuna jirani anayesema hajui kupika. Wanajua kwamba muda wa ajira hupangwa na mwenye hoteli na hali ya soko. Kwa nini basi winga aliyecheza mechi tano za taifa ahukumiwe kama aliyeshindwa, bila kuuliza mechi ngapi zilipangwa, nani alilipa nauli, na klabu yake ilimwachia siku ngapi?

Hukumu hiyo ina madhara yanayoonekana. Shirikisho likiamini kwamba wanaoondoka mapema hawakuwa na kitu, halitajisumbua kuandika katika mikataba masharti ya kuwaruhusu warudi. Kocha akiamini hivyo, hatafuatilia kijana aliyekwenda kucheza Ulaya au Ghuba, na baada ya miaka miwili namba yake ya simu itakuwa imepotea. Mzazi akiamini hivyo, atamwambia mwanawe kwamba raga haina mwisho mwema, na ataonekana mwenye hekima. Daniel Adongo, Mkenya aliyecheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na New Zealand, aliishia kusajiliwa mwaka 2013 na Indianapolis Colts ya ligi ya mpira wa Marekani. Taifa linalozalisha mwili na kipaji cha namna hiyo, kisha likashindwa kukitumia katika mchezo wake lenyewe, halina uhaba wa wachezaji. Lina uhaba wa mpango wa kuwashika. Hata mafanikio ya wachezaji saba yameonyesha udhaifu huo: Kenya iliporomoka kutoka kundi la juu la dunia mwaka 2023, ikalirudia mwaka 2024, na katika kipindi hicho cha nje kila mchezaji alipaswa kujiuliza kama ajira yake bado ipo.

Mambo ya kufanya yanatokana na historia yenyewe, na si ya gharama kubwa yote. Kwanza, daftari la wachezaji wa taifa liandikwe upya, likijumuisha mechi za Afrika Mashariki, ziara na michuano ya kanda, na kando ya kila jina pawekwe sababu ya kuondoka: jeraha, kazi, mkataba wa nje, kifungo cha sheria. Pili, ligi iteremke pwani kwa mechi za kudumu ili winga wa Kisauni apimwe akiwa kwao kabla ya kutakiwa kuhama. Tatu, mchezaji anayekwenda nje, hata kwenye raga ya 13, aondoke na makubaliano ya maandishi kuhusu siku za kurudi. Rombo hakupata hata moja kati ya hayo. Alicheza pale alipolipwa, kama walivyofanya wachimba makaa wa Huddersfield, na akaadhibiwa na watu ambao hawakuwahi kumlipa. Ufupi wa jina lake katika orodha ya taifa ni deni la mchezo kwake, na deni hilo litaanza kulipwa siku ambayo winga wa Shanzu atapangiwa mechi za kutosha na kulipwa vizuri kiasi kwamba, akiacha jezi ya taifa, tutakuwa na haki ya kusema ameiacha kwa hiari.